Makumbusho ya Ujerumani yakikuomba kitu cha babu kwa onyesho la majira ya baridi

Usisaini hati ya makabidhiano ya jumba la makumbusho kabla hujaona kwa macho yako tarehe ya kurudishiwa kitu chako imeandikwa ndani yake. Nimekaa kuandika kwa ajili ya hilo, mengine ni nyongeza. Niko Tanga kwa sasa, Ngamiani, nyumbani kwa wazee, na kila anayepita hapa barazani mwenye ndugu Ujerumani namwambia hivyo hivyo.

Kwa ambaye hajaishi kule: ikifika Novemba hakuna pa kwenda. Kaskazini, mwezi wa Desemba, saa kumi jioni giza limeshaingia. Basi makumbusho ya mikoa na miji midogo ndiyo yanayojaa watu. Watoto hutengeneza taa za karatasi mwezi wa Novemba, Jumapili nne za kabla ya Krismasi kuna muziki, wazee wa mji huonyesha kusokota kamba au kufua chuma, na ukumbi mkubwa unafunguliwa onyesho la msimu litakalokaa hadi Februari au Machi. Miaka hii wengi wao wanataka kusimulia kahawa, kakao, pembe na mkonge, yaani wanataka kutusimulia sisi. Ndipo huandika kwa vyama vyetu: nani ana picha, nani ana kanga ya zamani, nani ana kitu cha babu.

Mji ninaoishi ni wa bandari na zamani ulisokota kamba za meli. Wakaandaa onyesho la kamba. Kamba huwezi kuisimulia bila mkonge, na mkonge huwezi kuusimulia bila Tanga. Kwenye ukuta wa kwanza waliandika kwa herufi kubwa habari za Richard Hindorf, Mjerumani aliyeagiza miche elfu moja kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika hai ikawa 62 tu, na kwa hiyo 62 mashamba yote ya pwani yetu yakaanza. Habari ni ya kweli. Ila waliokata huo mkonge kwa miaka iliyofuata hawakuwamo hata mstari mmoja. Msimamizi wa onyesho alipojua kwamba babu yangu alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, kwenye shamba la upande wa Muheza, alikuja hadi nyumbani, akanywa chai, akaomba kipande chake.

Wenye wazee waliofanya kazi mashambani wanajua kipande ni nini. Hiki cha babu ni karatasi ngumu iliyopauka, ina visanduku thelathini. Kazi ya siku ikitimia nyapara anatia alama kwa wino, isipotimia kisanduku kinabaki kitupu na siku hiyo haihesabiwi. Thelathini ni siku za kazi, si za kalenda. Mkunjo wa katikati ulikatika zamani, na bibi aliushona kwa uzi mweupe, mishono midogo midogo, ili babu asije akadhulumiwa mshahara kwa kuambiwa karatasi yake imeharibika. Kitu kama hicho hakina mfano wake dukani.

Mtego ulikuwa hapa. Kwa mdomo tuliambiwa "hadi mwisho wa Februari". Ijumaa jioni, siku chache kabla ya ufunguzi, ikaja barua pepe yenye fomu ya kurasa mbili na maneno ya haraka: bila saini kabati la kioo litabaki tupu, na wageni wameshaalikwa. Ndani ya ukurasa wa pili, katikati ya habari za anwani na tarehe ya kuzaliwa, kuna sentensi moja inayosema umiliki unahamia kwa mji bila malipo. Nikasaini. Mwezi wa Machi nilipouliza tukachukue lini, jibu likawa kwamba kipande kimeshaingizwa kwenye daftari la mali, kimepewa namba, na kukitoa kunahitaji uamuzi wa kamati ya halmashauri ya mji.

Hakuna aliyenifokea. Kila barua ilianza kwa heshima na kumalizika kwa salamu. Lakini kitu cha babu yangu kilikuwa kimeshakuwa cha watu wengine.

Nirudie, maana najua wengi mtasoma haraka: anayezungumza na wewe kwa upole anaweza kuwa anasema kweli yake yote, na karatasi anayokuletea ikawa imeandikwa na ofisi nyingine isiyokujua. Kwa sheria ya Ujerumani ahadi ya zawadi ndiyo inayohitaji kwenda kwa mthibitishaji wa hati. Zawadi ambayo imeshakabidhiwa haihitaji. Ukishaitoa mkononi na saini ipo, imekwisha. Kuazimisha bure ni mkataba mwingine kabisa, uko kifungu cha 598 cha sheria yao ya kiraia, na kifungu cha 604 kinamtaka aliyeazima arudishe muda ukiisha. Kwa hiyo swali la kwanza kwa msimamizi, kabla ya chai na kabla ya picha, ni hili: karatasi hii ni ya kuazima au ya kutoa? Ajibu kwa barua pepe. Kwa simu haitoshi. Kwa mdomo haitoshi.

Vitu viwili ndivyo vilivyotutoa. Cha kwanza ni barua pepe ya mwaliko wa mwanzo, ambamo yule msimamizi mwenyewe aliandika "mwisho wa Februari". Cha pili ni mirathi. Kipande hakikuwa changu peke yangu, ni cha watoto wote wa babu na wajukuu wa waliotangulia, na mtu mmoja hana uwezo wa kugawa mali ya ukoo. Wazee wakakaa kikao hapa hapa Ngamiani, muhtasari ukaandikwa kama tunavyoandika wa mirathi yoyote, majina, saini, dole gumba la shangazi mkubwa, muhuri wa serikali ya mtaa. Nikaupeleka kwa mfasiri aliyeapishwa, naye akaufasiri mpaka maneno ya kwenye muhuri. Kamati iliusoma ikakubali. Kipande kimerudi, wao wamebaki na nakala ya picha, na hiyo tumewapa kwa moyo mweupe.

Kama unaombwa sasa hivi, fanya kikao kabla. Ukiwa na muhtasari mkononi tangu mwanzo, hata fomu mbaya haitakushika kirahisi, maana utaandika kwenye nafasi ya mwenye mali: familia ya fulani, si jina lako.

Katika mkataba wa kuazimisha, tarehe ya kurudi ndiyo roho. Baada yake tazama bima, ianze kitu kinapotoka mlangoni kwako na iishe kinaporudi mlangoni kwako, na thamani iandikwe kwa euro. Usiseme "hakina thamani, ni karatasi tu"; wakiandika sifuri na kikipotea utalipwa sifuri. Kuna mtu wa kukagua hali ya kitu, atajaza karatasi kila penye doa na mpasuko. Simama naye, piga picha zako pande zote, na siku ya kurudishiwa kagueni tena pamoja kwa karatasi ile ile. Kifungu cha 606 kinakupa miezi sita tu ya kudai fidia ya uharibifu tangu urudishiwe. Mtu wetu akirudishiwa bahasha huiweka kabatini akaifungua baada ya mwaka. Ifungue pale pale, mbele yao.

Nguo na karatasi huuawa na mwanga. Waulize watatumia laksi ngapi, yaani kipimo cha mwanga. Kiwango kinachojulikana kwa vitu kama kanga, picha na maandishi ni 50, na wenyewe watafurahi kuona unajua. Vitu vya mbao na nguo huenda wakavigandisha kwanza kwenye baridi kali kuua wadudu, ndiyo maana huviomba wiki nyingi kabla. Hilo ni la kawaida, usiogope. Na kasha au kiti cha mbao kikiwa bado kwako, kiondoe karibu na hita. Mbao iliyozoea hewa ya bahari ya Tanga hupasuka kwa ule ukavu wa ndani ya nyumba wakati wa baridi.

Picha na sauti ni mtego wa pili, mdogo kuliko wa kwanza lakini ni ule ule. Baba alihojiwa kwa simu akasimulia shamba, korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ilivyokuwa ikinguruma na mikono ya watu ilivyokatika. Fomu ikasema wanaweza kuitumia sauti hiyo popote, kwa muda wowote. Saini ya kitu isichanganywe na saini ya sauti. Dai karatasi mbili, na kwenye ya sauti andika ni kwa onyesho hili tu.

Sasa nyinyi ndugu wa nyumbani, kwa heshima zote. Ba'mdogo alisema, "Wape tu mwanangu, huko kitatunzwa kuliko hapa mchwa." Namuelewa, mchwa wa Ngamiani nawajua. Lakini kutunzwa kwenye ghala ambalo mjukuu wako ataomba viza ili kuliona, ba'mdogo, hujakitunza kwa ajili yake. Wengine wameuliza nimelipwa shilingi ngapi. Kuazimisha hakulipwi. Ukibahatika ni nauli ya treni na kualikwa siku ya ufunguzi.

Kubwa zaidi ni wale waliosikia kwamba makumbusho yanatafuta vitu wakataka kunitumia mlango wa kuchonga kutoka Pangani ndani ya kontena la mtu. Jamani, msifanye hivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na marekebisho yake ya 1979 inazuia kutoa nchini bila leseni vitu vya kabla ya 1863, na milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940 zimetajwa humo. Umoja wa Ulaya nao umekaza. Kanuni yao namba 2019/880 inakataza kuingiza mali ya utamaduni iliyotolewa kinyume cha sheria katika nchi ilikotoka, na tangu Juni 28, 2025 vitu vya umri mkubwa vinadaiwa makaratasi kabla ya kuvuka forodha. Atakayekamatwa ni mimi niliyeandikwa jina kwenye mzigo. Mlango ubaki Pangani.

Wajerumani nimekaa nao, na nasema kwa haki: wanajua kutunza. Jembe la mkulima wao wa karne iliyopita lina kabati lake, lina maelezo, na mtoto wa shule anasimama mbele yake kimya. Sisi la babu tumeuza kwa mnunua vyuma chakavu. Hilo tulichukue kwao. Ninachokataa ni upande mmoja wa upole wao, kwamba wanakipenda kitu kuliko mtu aliyekileta. Siku ya ufunguzi watu walilizunguka kabati la kipande kwa muda mrefu, wakauliza uzi ule ni wa aina gani, na ni wachache mno waliouliza bibi aliitwa nani. Wakikualika kuzungumza, kubali, na anza na jina lake.

Kuingia ni rahisi: Jumatatu mengi hufungwa, Desemba 24 na 31 vilevile, koti na begi acha kwenye makabati ya mlangoni, ukipiga picha zima taa ya simu, ziara ya kuongozwa jiandikishe mapema na ufike kabla ya saa yenyewe. Watoto wapelekeni, mengi hayawatozi.

Na kama kitu cha kwenu kiko huko tangu enzi za Mjerumani, nacho kina njia. Berlin kuna ofisi ya mawasiliano kuhusu mali zilizokusanywa wakati wa ukoloni, ilianzishwa 2020, na kazi yake ni kukuelekeza kwenye makumbusho yanayohusika. Waandikie kijiji, wilaya na mwaka unaoukisia. Ukitafuta kwenye orodha zao tumia majina waliyoandika wao wakati ule: Lushoto itafute kama Wilhelmstal, Muheza kama Muhesa, Bagamoyo kama Bagamojo.