Kuandika hadithi ya mtambo unaotawala mji: mfano wa wavuvi wa Sahare, Tanga

Hadithi nyingi za akili mnemba inayotawala watu hufia ukurasa wa pili, kwa sababu mwandishi ameanza na mtambo wenyewe: macho mekundu, sauti nzito, jeshi la roboti. Anza na dirisha la ofisi. Anayetawala ni yule anayeamua nani apewe na nani anyimwe. Mwongozo huu ni wa hadithi ya maneno kama 3,000, na mfano wetu ni Tanga, mwaka 2048.

Hatua ya 1: Upe mtambo amri moja

Usiukabidhi nchi nzima. Ukabidhi posho ya kusi, yaani ya miezi ya upepo mkali wa kusini: mvuvi ambaye mapato yake ya mwezi hayafiki shilingi 200,000 anaongezewa 80,000. Amri iandikike kwa sentensi moja, kama sheria ndogo ya halmashauri, na iwe njema. Mtambo mwovu msomaji anauchukia, basi, yameisha. Uliotumwa kumsaidia mtu ukaishia kumkaba ndio unaouma.

Hatua ya 2: Chora daftari lake

Chukua karatasi, piga safu nne: tarehe, namba ya chombo, kilo, bei ya mnadani. Hiyo ndiyo dunia yote ya mtambo wako. Kisha pembeni, nje ya mistari, andika yanayotokea ufukweni yasiyo na safu: kitoweo kinachopelekwa nyumbani, mafuta yanayokatwa kabla ya kugawana, fungu la tajiri mwenye chombo, na samaki ambao mama karanga, mwanamke anayekaanga samaki na kuwauza, anawachukua kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya mdomo: akawakaange kwanza ndipo alipe kesho, au asilipe kabisa. Daftarini mauzo hayo yamekamilika. Mfukoni mwa mvuvi hamna kitu. Mgogoro wako wote utatoka pembeni mwa karatasi hiyo, kwa hiyo usiharakishe. Kaa nayo hata siku mbili.

Hatua ya 3: Piga hesabu kwa kalamu

Mvuvi wetu anapata 390,000 kwa mwezi katika miezi minane, na 120,000 katika miezi minne ya kusi, bahari inapochafuka na ngalawa kulala mchangani. Jumla ya mwaka ni 3,600,000. Mtambo unagawa kwa 12, unapata 300,000 kila mwezi. Kwa hesabu hiyo hajapungukiwa hata mara moja, na posho ya miezi minne, 320,000, inageuka deni.

Namba hizi ni za kubuni, lakini kosa lenyewe limeshatokea. Nchini Australia, kuanzia 2015, mfumo uliokuja kuitwa Robodebt ulichukua mapato ya mwaka, ukayagawa sawasawa kwa vipindi 26 vya wiki mbili mbili, ukawadai watu wenye mapato ya kupanda na kushuka fedha wasizodaiwa. Ripoti ya tume ya uchunguzi ilitoka 2023. Yote hayo yalifanywa na hesabu ya kugawanya. Likumbuke hilo ukitamani kueleza ubongo wa mtambo kwa kurasa tatu.

Hatua ya 4: Gonganisha kalenda mbili

Ofisi inahesabu Januari hadi Desemba. Mvuvi wa dagaa anahesabu kwa mwezi wa angani: wakati wa giza anatoka na taa, mbalamwezi anapumzika, maana taa haivuti dagaa kama mwezi unawaka. Mwezi huo una siku 29 na nusu, na mwaka wake unapungukiwa na ule wa ofisini siku 11 hivi. Ndiyo maana mwezi mmoja wa kalenda unaweza kubeba giza moja zima na kipande cha jingine, na mwingine ukaambulia pungufu.

Ukitaja usiku wowote, kagua mwezi na maji. Bamvua, maji yanayojaa na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, yako katikati. Ukiandika watu wanavua dagaa kwa taa chini ya mwezi mpevu, msomaji wa Sahare ataiweka hadithi chini, na mtambo wako pia hatauamini.

Hatua ya 5: Onyesha mkono uliofungwa

Mtambo useme Kiswahili cha ofisini, bila kupandisha sauti: "Ndugu mwanachama, unadaiwa Sh. 320,000." Halafu mpeleke mvuvi kwa mtendaji wa serikali ya mtaa, kijana anayemwamkia kwanza.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Meseji inasema Julai nilipata laki tatu. Julai chombo kilikuwa juu ya magogo, wewe mwenyewe ulikiona."

"Nilikiona, mzee. Lakini hapa sina pa kubonyeza."

Kwenye skrini kuna vitufe viwili: Thibitisha na Funga. Mtendaji anaujua ukweli, ila ukweli wake hauna kitufe. Tukio hili lipe robo ya hadithi nzima.

Hatua ya 6: Mwisho usiwe wa kuchomoa waya

Daftari halikai Tanga, na mtambo ukizimwa wote wanakosa posho. Wala usiufiche kwenye mapango ya Amboni, jirani na mji. Yanashawishi, lakini yatakurudisha kwenye macho mekundu. Acha mtambo ukubali kosa. Uanze kuhesabu kwa mwezi mwandamo, uongeze safu ya tano ya fedha zisizolipwa, na deni la mzee lifutwe. Kwa safu hiyo hiyo, mali kauli ya mama karanga inaonekana kwa mara ya kwanza, na namba yake inazuiwa kununua. Ishia hapo: mnada umefunguliwa, naye amesimama na beseni tupu.