Namna ya Kuandika Historia ya Maisha ya Mama Mwalimu Aliyekulia Shambani: Mwongozo kwa Familia za Kikatoliki Mkoani Tanga

Katika misiba mingi ya Tanga, kuanzia Chumbageni hadi milima ya Lushoto, historia ya marehemu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi na mtoto mmoja aliyechoka kwa kilio, huku ndugu wakimtajia tarehe zinazopingana. Ndiyo maana historia nyingi zinafanana: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alistaafu, aliugua, ameacha watoto na wajukuu. Mama aliyevuka miaka themanini, aliyelelewa kwa jembe la wazazi wake, akafundisha watoto na baadaye watoto wa watoto hao, na ambaye hajawahi kulala bila kusali rozari, anastahili zaidi ya hapo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiandika historia yake mapema, yeye mwenyewe akiwapo kuisahihisha.

Kwanza omba ruhusa, na uiombe kwa heshima. Wamama wengi wa kizazi hicho wanaona kujisimulia ni majivuno, na ukianza na daftari mkononi atakujibu kwamba hana la kusema. Mweleze wazi kwamba wajukuu wanataka kujua walikotoka. Mara nyingi mjukuu hufaa kuliko mtoto katika kazi hii, kwa sababu bibi humweleza mjukuu mambo ambayo kwa mtoto wake angeyapita kimya, na mjukuu naye huuliza bila kudhani kwamba anajua. Mazungumzo yafanyike wakati mikono yake ina kazi nyepesi, kama kupukuchua mahindi au kuchambua maharage, yasizidi saa moja, na usirekodi kwa simu bila yeye kujua. Akihamia katika Kisambaa, Kibondei, Kizigua au Kidigo, mwache aendelee. Andika maneno yake kama alivyoyasema, kisha tafuta mtu wa kukufafanulia baadaye.

Anza na shamba, usianze na shule. Hapa ndipo waandishi wengi wanapopita haraka, na kwa maoni yangu ndipo penye utajiri mkubwa kuliko sehemu nyingine zote, kwa kuwa mwalimu aliyekuja kuwa alifinyangwa na kazi za nyumbani kwao kabla hajaona ubao. Uliza shamba lilikuwa mlimani au bondeni, lilikuwa la baba au la ukoo, na lilipakana na nani. Uliza nani aliamka kufukuza nyani na nguruwe, nani alichota maji na kutoka wapi, na ni zao gani lililouzwa ili ada ipatikane. Uliza pia kwa nini baba alikubali binti asome, ilhali jirani alikataa, maana jibu la swali hilo moja linaweza kubeba sura nzima. Kama wazazi wake walitoka mbali wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, Muheza au Pangani, uliza walivyofika, waliishi katika kambi gani, na lini walipata kipande chao wenyewe cha kulima. Kama alizaliwa upande wa Mlalo, uliza kuhusu matuta: baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa bonde lile kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, kazi iliyochukiwa sana, na watoto wa miaka hiyo waliona mama zao wakitoka kwenye matuta kwenda kuanza kilimo cha chakula.

Shamba litakusaidia pia kupata tarehe. Watu wengi waliozaliwa vijijini kabla ya Uhuru hawakuandikishwa popote siku ya kuzaliwa, na tarehe ya kwanza ya mwezi Januari au Julai iliyomo katika nyaraka zao mara nyingi ni ya kukadiria. Usibishane naye kuhusu tarehe, muulize mvua. Mtoto aliyezaliwa mahindi ya masika yakipaliliwa ni wa mwezi Aprili au Mei, na aliyezaliwa wakati wa kupanda ya vuli ni wa Oktoba au Novemba. Kwa miaka, tumia matukio ambayo hakuna aliyeyasahau: kupanda kwa bei ya mkonge mwaka 1950 na 1951 wakati wa Vita vya Korea, Uhuru wa Desemba 1961, Muungano wa Aprili 1964, Azimio la Arusha la Februari 1967, kuhamia vijijini na njaa ya mwaka 1974, vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Ukimuuliza mwaka gani alijifungua mtoto wa tatu huenda akasita, lakini ukimuuliza kama alikuwa na mimba au alikuwa ananyonyesha wakati wanajeshi wanakwenda Kagera, atajibu papo hapo.

Baada ya kumsikiliza yeye, nenda parokiani. Kwa Mkatoliki, kitabu cha ubatizo ni hazina kuliko cheti chochote cha serikali, kwa sababu kwa taratibu za Kanisa kipaimara na ndoa huandikwa pembeni mwa jina lile lile la ubatizo, hata kama sakramenti hizo zilipokelewa kwingine. Mstari mmoja unaweza kukupa wazazi, msimamizi, padre aliyebatiza, na miaka ishirini ya maisha. Nenda ukiwa na jina lake la ubatizo, majina ya wazazi, mwaka wa kukadiria na jina la kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, na uombe miadi na paroko badala ya kumvamia baada ya misa. Kumbuka kwamba parokia nyingi za leo zilikuwa vigango vya parokia nyingine, hivyo jina la mtu aliyebatizwa zamani kwa kawaida limo katika vitabu vya parokia mama. Vitabu vya zamani viliandikwa Kilatini kwa mwandiko wa kalamu ya wino. Mwombe padre akusomee, usikisie.

Historia ya jimbo lenyewe nayo husaidia kupanga miaka. Mapadre Warosmini walifika Tanga mwaka 1945, eneo likafanywa Prefektura ya Kitume, hatua ya kabla ya kuwa jimbo, mwaka 1950, na likawa jimbo mwaka 1958 chini ya Askofu Eugene Arthurs. Baadaye walikuja Askofu Maurus Komba, aliyeliongoza hadi mwaka 1988, Askofu Telesphor Mkude, na kuanzia mwaka 1994 Askofu Anthony Banzi, aliyefariki Desemba 2020. Kwa hiyo swali la kwamba watoto wake walipewa kipaimara na askofu yupi linaweza kukupa mwaka bila kugusa karatasi. Vivyo hivyo lugha ya misa: anayekumbuka kujifunza kuitikia kwa Kilatini alikuwa mtoto au msichana kabla ya mabadiliko ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaliyoleta misa kwa Kiswahili katika miaka ya 1960. Kwa wenye mizizi Bagamoyo, ambako misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilianza mwaka 1868, uliza kwa uangalifu mahali vitabu vilipo, kwa kuwa mipaka ya kikanisa ya eneo hilo imebadilika, na Jimbo la Bagamoyo lenyewe limeundwa mwaka 2025 tu.

Kuhusu ualimu, nyaraka zipo, na kwa kawaida zimo katika sanduku lile lile chini ya kitanda: cheti cha darasa la nane, cheti cha chuo, barua ya ajira, barua za uhamisho na za kupandishwa daraja, barua ya kustaafu. Zipange kwa miaka kabla ya kuandika neno. Lakini barua hazielezi darasa. Kama alifundisha katika shule ya misheni, muulize nini kilibadilika serikali ilipozichukua shule hizo mwishoni mwa miaka ya 1960. Muulize kuhusu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ilipotakiwa kila shule iwe na shamba, kwa sababu mwalimu aliyekulia shambani hapo alikuwa nyumbani kuliko wenzake waliokulia mjini. Muulize kuhusu madarasa ya jioni ya elimu ya watu wazima, alipofundisha kusoma watu wenye umri wa mama yake, na kuhusu kupanuka kwa elimu ya msingi kwa wote baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, watoto walipofurika hadi wakasomeshwa kwa mikupuo. Alipata wapi chaki? Nani alimlelea mtoto mchanga wakati yeye yuko darasani? Alipohamishwa, mume alibaki wapi? Mishahara na vyeo viandikwe kwa sentensi moja au mbili, inatosha.

Tafuta pia wanafunzi wake, angalau watatu wa vipindi tofauti. Katika Tanga, wengi wao watakuwa Waislamu, na ushahidi wao una uzito wa pekee, kwa kuwa ndio wanaoweza kueleza jinsi mwanamke wa imani nyingine alivyowalea bila kuwabagua: aliyewaruhusu kwenda sala ya Ijumaa kwa wakati, aliyepeleka mkono wa pole msibani, aliyepokea sahani ya pilau siku ya Idi na kuirudisha na kitu siku ya Krismasi. Historia ya Mkatoliki wa pwani inayotaja Wakatoliki peke yao haijakamilika.

Sehemu ngumu zaidi kuandika ni imani yenyewe. Kishawishi ni kujaza maneno kama mcha Mungu, mnyenyekevu na mwenye upendo, ambayo husemwa juu ya kila marehemu na hivyo hayamwelezi yeyote. Weka badala yake saa, mahali na matendo. Badala ya kuandika kwamba alipenda sana kusali, andika kwamba kila Jumapili alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, viatu mkononi ili visichafuke kwa tope, akatembea hadi kigangoni, na kwamba Jumapili ambazo padre hakufika aliimba katika ibada ya katekista kwa sauti ile ile. Andika kama alisali Malaika wa Bwana adhuhuri akiwa shambani, jembe limesimama. Andika Ijumaa ya kwanza ya mwezi, mfungo wake wa Kwaresima, sikukuu ya mtakatifu somo wake, rozari ya mwezi wa Oktoba katika jumuiya ndogo ndogo, na sare ya WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania ulioanza mwaka 1972, aliyoipiga pasi jioni ya Jumamosi. Uliza ni nani aliyemfundisha sala ya kwanza, na kwa nini kila mtoto alipewa jina la mtakatifu alilopewa.

Imani hujulikana pia mahali ilipojaribiwa. Wengi wa mama hawa walizika watoto wachanga, na majina ya watoto hao hayatajwi tena popote. Yaulize, na akikubali, yaandike pamoja na ya walio hai, kwa kuwa yeye hajawahi kuwaondoa katika hesabu. Mtoto aliyehama Kanisa, ndoa iliyosumbuka, miaka ya ukame wa roho asipokuwa na hamu ya kusali: haya yaulizwe mara moja kwa upole. Akinyamaza, acha. Yaliyosemwa katika kitubio hayaulizwi kamwe, wala ugomvi wa urithi hautatuliwi ndani ya historia ya mama. Naona ni vema pia kutomfanya mtakatifu kabla ya wakati. Mwalimu aliyekuwa mkali wa fimbo aandikwe hivyo, kwani wanafunzi wake watakuwa kanisani na wanakumbuka.

Unapoandika, fuata mwendo wa maisha, lakini usigawe kurasa sawa kwa kila kipindi. Utoto wa shambani na miaka ya mwanzo ya ualimu vichukue nafasi kubwa, kustaafu na maradhi vichukue kidogo. Maradhi hasa yaelezwe kwa heshima na kwa ufupi, kwa kuwa mtu aliyeishi miaka themanini na mitano hakuwa mgonjwa isipokuwa sehemu ndogo yake. Nyaraka zikipingana, kitabu cha ubatizo kwa kawaida kiaminiwe kuliko faili la ajira, kwa sababu kiliandikwa karibu zaidi na tukio na hakuna aliyekuwa akitafuta kazi kwa umri ule. Majina ya watu yaandikwe kwa ukamilifu, pamoja na uhusiano wao, yaani mjomba, shangazi, mama mdogo, wifi, ili mjukuu aliyezaliwa ughaibuni aelewe nani ni nani.

Rasimu ikikamilika, msomee kwa sauti, sura moja kwa siku. Atasahihisha majina ya mito na majirani, atakataa sifa fulani, na mara nyingi atakumbuka jambo kubwa kuliko yote uliyokwisha andika, liingize. Picha za zamani ziandikwe nyuma kwa penseli, jina la kila mtu na mahali, akiwa bado anawatambua.

Mwisho, kutoka katika historia hiyo ndefu, toa muhtasari wa ukurasa mmoja na nusu unaosomeka kwa dakika tano, kwa kuwa siku ya mazishi ratiba ya misa na safari ya makaburini haitaruhusu zaidi. Hewa ya Tanga ina unyevu na mchwa hawachagui karatasi, hivyo historia ndefu iwekwe katika nyumba mbili tofauti na ndani ya simu za watoto. Nakala ya muhtasari apewe mapema katibu wa jumuiya yake, ambaye kwa kawaida ndiye anayepigiwa simu kwanza mwanajumuiya anapofariki, pamoja na namba ya mtu wa familia atakayeongeza tarehe ya mwisho.