Kufinyanga Udongo kwa Mikono ili Kupunguza Wasiwasi

Mwenye wasiwasi mara nyingi huogopa kukosea, na hapo ndipo udongo wa mfinyanzi unapomfaa kuliko sanaa nyingi, kwa kuwa chombo ambacho hakijachomwa, hata kikikauka kabisa, kikilowekwa majini hurudi kuwa udongo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipima kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa wakati wa msongo, kwa watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kazi za sanaa, kufinyanga udongo kukiwamo, wakaona imeshuka kwa takriban robo tatu yao, wazoefu na wasio wazoefu. Hata hivyo, wasiwasi unaokunyima usingizi au kukuzuia kufanya kazi kwa majuma kadhaa upeleke kwa mhudumu wa afya.

Gurudumu la kufinyangia, yaani sahani inayozunguka, halihitajiki; kwa maoni yangu, humwongezea anayeanza haraka ambayo tayari anayo ya kutosha. Wanawake wa Kikisi wa kando ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huuzwa sokoni Matema, wamejijengea sifa kwa kazi ya mikono.

Toa mawe na mizizi kwenye udongo, kisha uchanganye na mchanga laini au vigae vilivyosagwa ili usipasuke unapokauka. Ukande bila haraka, ukisukuma kwa viganja huku ukitoa pumzi na kuuvuta huku ukiingiza pumzi, hadi uache kunata mikononi. Ukate kwa uzi: ukiona vitundu ndani, hewa bado imo, kwa hiyo endelea kukanda. Usiharakishe hatua hii, kwani ndiyo inayotuliza zaidi, na fikra zikitangatanga zirudishe kwenye ubaridi na uzito wa udongo.

Pigapiga bonge dogo liwe kitako, sokota kamba za udongo zenye unene wa kidole, uzizungushe moja juu ya nyingine. Kila unapounganisha, kwaruza na upake tope zito. Lainisha kwa gunzi la mahindi, kisha sugua kwa kijiwe laini.

Anika kivulini kwa siku kadhaa. Uchomaji mwachie mfinyanzi mzoefu, kwa maana unyevu uliobaki hugeuka mvuke na kupasua chombo chako, pengine pamoja na vya wenzako vilivyo kando yake.