Kufunga mota ya fezi tatu kwenye mashine ya kukoboa mpunga

Wakuu habari, mimi ni fundi umeme hapa Mwanza, kazi zangu nyingi ni mashine za kukoboa huku Nyakato na Igoma, na mota nyingi ninazoletewa zimeungua zilikuwa bado zina miaka mingi mbele, inauma kwa kweli. Mfano tuchukue mota ya kilowati 11, ile tunayoita hosipawa 15.

Hatua ya 1: soma kibati cha maelezo kilichobandikwa kwenye mota kabla hujatoa hela. Kikiandikwa volti 400/690, na delta iko kwenye 400, hiyo inakubali sta-delta kwa umeme wetu, yani mota inaanza kwa sta (koili zimeungana sehemu moja, zinapata volti kidogo) halafu inahamia delta (kila koili inapata volti zote). Kikiwa 230/400 iache dukani, maana ikiingia delta kila koili inakula volti 400 na imesukwa kwa 230. Chukua IP55, yani iliyozibwa vizuri dhidi ya vumbi na maji, vumbi la pumba linapenya kila mahali. Halafu piga picha kibati, baadae hakitasomeka.

Hatua ya 2: toa vile vibati vyote vitatu vya kuunganishia kwenye boksi la mota, nyaya sita zije kwenye paneli kila moja kivyake. Ukivisahau, kontakta (swichi inayovutwa kwa sumaku ya umeme) ya sta au ya delta ikishika, kutegemea vibati vimefungwaje, ni shoti hapo hapo. Sta inashusha ampia za kuwashia mpaka theluthi ila na nguvu ya kuanza nayo inashuka mpaka theluthi, kwahiyo washa mashine tupu, mpunga uingie delta ikishashika.

Hatua ya 3: ovalodi, kile kifaa kinachokata umeme mota ikivuta ampia nyingi mno, hapa ndo watu wanaua mota. Kibati kinasema ampia 22, fundi anaseti 22, kumbe ovalodi imekaa chini ya kontakta kuu, ndani ya delta, hapo inapita 0.58 tu ya hizo, yani 22 × 0.58, seti 12.8. Kuna mteja wangu opareta wake alichoka ovalodi kukata kila saa akazungusha kitufe mpaka mwisho, usiku fezi moja ikapotea, mota ikaendelea kuunguruma mpaka ikanyamaza. Nilivyoifungua harufu ya vanishi iliyoungua ilijaa banda zima, kundi moja la koili jeusi kama mkaa na mengine mawili bado yanang'aa. Ukiona hivyo jua fezi ilipotea mota ikiwa delta. Ovalodi ikikata tafuta sababu: beringi, mkanda umekazwa mno, mpunga haujakauka. Na funga rilei ya kulinda fezi, kusuka mota upya ni hela nyingi zaidi.

Hatua ya 4: piga mega (kipimo cha uzima wa insulesheni) kwa volti 500, koili kwa bodi na koili kwa koili. Chini ya megaomu 1 usiwashe, ikaushe kwanza.

Hatua ya 5: kabla ya kugusa chochote, hata kwenye hatua za juu, zima mein swichi, piga kufuli, funguo mfukoni mwako sio kwa bosi. Jaribu testa sehemu yenye umeme, pima fezi zote tatu, kisha irudishe kwenye umeme uone bado nzima. Naomba sana msiruke hii, nyumbani wanakusubiri.

Ukishawasha, mzunguko ukiwa kinyume zima, funga kufuli tena, badilisha fezi mbili kwenye waya unaoingia. Mpunga ukiwa ndani pima ampia za kila fezi kwa klampu mita (ile inayobana waya bila kuukata), zikipishana sana zima utafute waya uliolegea. Walio karibu na ziwa, wale wadudu wadogo wa ziwani wakija kwa wingi wanaziba kava ya feni, safisha asubuhi kabla ya kuwasha.