Mutu wenu akipatwa na AVC (kiharusi): namna ya kupanga famili na majirani

Mutu yuko anazungumuza vizuri, ghafla kinywa kinapinda upande moja, mukono unaanguka ao maneno yanatoka ya kuchanganyikana: musipoteze saa na kutafuta nani alimulisha karuho (sumu). Hapa kwetu Bukavu njo kitu ya kwanza watu wanasemaka, wanaanza kumunywesha maziwa na mawese eti atapike, na iko hatari sana juu AVC inaweza kuharibu kumeza, ile maziwa inaingia mu mapafu. Kwa kinywa musimupe kitu, hata kidonge ya tansio (presha) ya mama jirani. Mumulaze kwa ubavu, mukumbuke ilianza saa ngapi juu daktari atauliza, mutafute gari (pikipiki apana, hawezi kujishika) na mumufikishe hospitali kubwa palepale.

Akirudi nyumbani, juma ya kwanza nyumba inajaa. Shirika (kikundi cha sala cha mutaa) wanakuja kuomba, kila mutu na soda yake, halafu juma ya tatu munabaki peke yenu, na ile njo wakati anahitaji watu zaidi juu miezi ya kwanza njo mwili unarudishaka nguvu mbio. Basi muwaambie wazi wageni, bila haya: asante kwa kuja, sasa tunaomba kila mutu achukue kazi moja. Nunueni daftari, muandike majina. Kijana wa avenue wa kumusindikiza kwa kine (mwenye anafanyishaka wagonjwa mazoezi ya mwili) siku ya rendevu, mwenye nguvu wa kusaidia kumupindua usiku kila kisha masaa mbili kama hajiwezi, ili asitoke vidonda, mwingine wa kuchunga ordonansi (karatasi ya dawa ya daktari). Kama muko mu MUSO (kikundi cha kuweka akiba na kusaidiana), mukaombe kesi nyekundu, ile sanduku ya pesa ya msaada, na muwaombe wailipie dawa za kila mwezi kuliko kuleta pesa yote mara moja inaishia kwa chakula ya wageni.

Kine kila siku ni bei. Mumuombe afundishe mutu moja wa nyumba mazoezi. Sisi kwetu tunatumia beseni mbili na maharagi: mugonjwa anakamata moja moja na mukono ule zaifu, anahamisha. Inaanguka, anakasirika, analia. Musimuokotee mbio, mumuache atafute ile moja kwa vidole vyake hata dakika nzima, juu mukono ambao munaufanyia kila kitu hautajifunza.

Na chakula majirani wanaleta kwa upendo inaweza kumurudisha hospitali. Chumvi ya siku nzima haipashwe kupita gramu 5, kijiko kidogo moja tu, na kube (Maggi) na makayabu (samaki ya chumvi) biko ndani ya ile hesabu. Muambie mapema anayepika sombe (majani ya muhogo) atoe ya mugonjwa pembeni mbele ya kutia chumvi. Akule ameketi, pole pole, na abaki ameketi nusu saa.

Dawa za tansio asiache eti amepima akakuta 12 kwa 8 (120/80), tansio ya kawaida. Imeshuka juu ya dawa. Akianza kukataa kula, kukataa watu, kulala tu, muambie daktari, juu huzuni kubwa inafuataka AVC mara mingi na inatibiwa.

Na muke ao mutoto mwenye anamuchunga, yeye pia muandike jina lake mu ile daftari: usiku fulani kila juma dada ao shangazi analala pale, yeye anaenda kulala kwingine.