Kuandaa kituo cha kuzika hewa ukaa chini ya bahari: anza na mwamba

Ukitaja kazi hii hapa Mwanza, utaulizwa: kwa nini hewa ukaa ya viwandani isizikwe humu humu ziwani? Fuata hatua, jibu utalikuta njiani.

Hatua ya 1: Mwamba. Hewa ukaa haimwagwi majini wala haijazwi pangoni. Inasukumwa ndani ya vinyweleo, yaani vitundu vidogo mno, vya mwamba. Chukua kokoto ya graniti, Mwanza hazikosekani, na kipande cha jiwe la mchanga. Dondoshea kila kimoja tone la maji. Kwenye graniti tone linakaa kama shanga. Jiwe la mchanga linalinywa. Tunatafuta hilo linalokunywa, tena lenye unene wa kutosha. Wanorwe wanalitumia kwenye eneo la gesi la Sleipner, chini ya Bahari ya Kaskazini, tangu 1996. Ziwa Victoria limelalia miamba ya kale migumu, kwa hiyo mimi nalifuta hapa hapa.

Hatua ya 2: Kina. Usikubali mwamba ulio kwenye kina pungufu ya mita 800. Huko mgandamizo na joto huishindilia hewa ukaa: tani moja, ambayo juu hujaza zaidi ya mita za ujazo 500, haifikishi mbili. Na kuimwaga majini tu? Ziwa letu, hata penye kina kirefu zaidi, ni mita 80 hivi tu. Ukiipuliza humo utayachachua maji ya sangara na dagaa. Anayebisha aulizie Ziwa Nyos, Kameruni, 1986: hewa ukaa iliyojikusanya majini ilifumuka usiku, ikaua watu wapatao 1,700.

Hatua ya 3: Kifuniko. Juu ya jiwe la mchanga pawe na tabaka nene la tope lililogeuka mwamba, lisilopitisha kitu. Hapa usiharakishe. Kila kisima cha zamani cha mafuta au gesi ni tundu kwenye kifuniko hicho. Dai kumbukumbu za saruji iliyokiziba. Kisicho nazo, mimi nakihesabu kinavuja.

Hatua ya 4: Wateja. Sasa hesabu viwanda vyenye hewa ukaa ya kuzika. Kiwanda cha saruji cha Brevik, Norwe, kimejengewa mtambo wa kunasa tani 400,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Meli huzibeba zikiwa kimiminika hadi kituo cha Øygarden, pwani ya Norwe, kisha bomba huzipeleka mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari. Kwetu, saruji ya Wazo, Tanga na Mtwara iko pwani tayari. Kiwanda cha Kanda ya Ziwa kwanza kipunguze moshi wake. Kuusafirisha zaidi ya kilomita 1,000 si hesabu ya leo.

Hatua ya 5: Upimaji. Piga picha ya mwamba kwa mawimbi ya mtetemo kabla ya tani ya kwanza kushuka. Ukichelewa, huna cha kulinganisha nacho.