Kutoka kwenye kununua kwa kupima: mwongozo kwa nyumba iliyobanwa na hali ngumu

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa na wifi yangu wa Mbagala, ambaye mumewe alipunguzwa kazi, tukapitia matumizi ya nyumba yake kitu kimoja kimoja. Ushauri mwingi wa kubana matumizi huwa unasema acha soda, acha saluni, acha chipsi. Wifi hakuwa na vya kuacha. Hela yake ilikuwa inaishia kwenye vipimo: mafuta ya 500, sukari robo, mkaa wa kopo, unga nusu, kila siku dukani kwa Mangi. Mwenye hela kidogo ndiye anayenunua kidogo kidogo, na anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa bei kubwa kuliko wote. Ninachoeleza hapa ni namna ya kutoka humo bila kukopa na bila kusubiri ajira irudi.

Hatua ya 1: Andika

Chukua daftari la shule. Wiki mbili andika kila kinachonunuliwa, kiasi na bei, hata kiberiti. Programu za simu za kuandika matumizi siwezi kukushauri. Simu inazima, na mtoto anayetumwa dukani hawezi kuandika humo. Daftari linaning'inizwa jikoni na kalamu yake, kila mtu anaandika.

Hatua ya 2: Geuza kila kitu kuwa bei ya kilo au lita

Usiruke hatua hii, maana bila hesabu utaendelea kuona kipimo cha 500 ni rahisi. Nunua au azima mzani mdogo wa kuning'iniza, ule wa kupimia mabegi ya safari. Kwa mafuta tumia chupa ya maji yenye ujazo ulioandikwa.

Chukua mfano huu, kisha weka bei za mtaani kwako. Tuseme kipimo cha mafuta cha shilingi 500 ukikimimina kinatoka mililita 70. Lita moja basi unainunua kwa zaidi ya shilingi 7,100. Dumu la lita 20 likiwa 110,000, lita moja ni 5,500. Nyumba inayotumia lita 6 kwa mwezi inapoteza karibu shilingi 9,900 kwenye mafuta peke yake, na mboga ni ile ile. Fanya hivyo kwa mchele, sukari, sabuni ya unga, mkaa na maharage, halafu panga orodha kuanzia kitu chenye tofauti kubwa kwa mwezi.

Hatua ya 3: Chagua kitu kimoja tu

Kimoja. Watu wengi wakiona orodha wanataka kujaza stoo nzima siku wakipata hela, na katikati ya mwezi wana gunia la mchele lakini hawana nauli ya mtoto. Anza na kitu kisichoharibika na kisicholiwa kwa kudokoa: mkaa, sabuni au mafuta. Sukari iache mwishoni. Nyumba yenye watoto, sukari ikiwa nyingi inakwisha kwa kasi ile ile ya wingi wake.

Hatua ya 4: Mtaji wa kwanza

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Njia ninazozikubali ni tatu.

Ya kwanza ni kuchangia. Majirani wanne au watano mnanunua dumu moja la mafuta au gunia moja la mkaa, mnagawana siku hiyo hiyo kwa mzani mbele ya wote. Hakuna anayehitaji hela nyingi na hakuna anayebaki na mzigo. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo tuliyoanza nayo Mbagala.

Ya pili ni mchezo, ule wa kuchangishana na kupokea kwa zamu. Kama unacheza, mwambie kijumbe mapema unataka zamu ya mwezi gani, na zamu hiyo iwe ya bidhaa, isiwe ya vitenge.

Ya tatu ni polepole: punguza 500 kwa siku kwenye kitu kinachovumilika, weka kwenye kibubu mpaka ifike bei ya kipimo kinachofuata. Huhitaji kuruka kutoka kipimo cha 500 mpaka dumu. Kutoka kipimo mpaka lita moja tayari ni hatua.

Mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wa riba kubwa, kwa ajili ya kununulia chakula, hapana. Riba yake inameza tofauti yote ya bei na inabaki inakudai. Nimeona nyumba ikiuza gunia lenyewe ili ilipe rejesho.

Hatua ya 5: Kununua

Nafaka, kwa Dar es Salaam, mimi naenda Tandale. Nenda asubuhi, uliza bei kwa watu watatu kabla ya kusimama. Hesabu nauli na ubebaji: kama guta au kirikuu litakula tofauti ya bei, nunua karibu na kwako au ongezeni idadi ya wachangiaji. Dai mzani. Sado, debe na ndoo zinadanganya kwa namna nyingi, kuna zilizobonyezwa chini na kuna zinazopimwa kwa mkono wenye haraka. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, inapigwa vita na Wakala wa Vipimo, na ukinunua kwa kilo haikuhusu. Mahindi bei yake hushuka baada ya mavuno ya mikoa ya kusini, kuanzia Juni mpaka Agosti hivi, na hupanda kuelekea Januari na Februari. Kama una nguvu ya kununua mara moja tu kwa mwaka, nunua kipindi kile cha mavuno.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Soma hatua hii yote kabla hujanunua chochote cha nafaka. Hapa ndipo faida ya mwaka mzima hupotea ndani ya wiki chache, na Dar, kwa joto na unyevu wake, haina huruma.

Anza na unyevu. Mahindi au maharage mabichi yakiwekwa kwenye gunia yanaota ukungu, na ukungu wa aina fulani unatengeneza sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho na haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kwa hiyo mahindi ya bei ya chini ajabu, yenye harufu ya uvundo au punje zilizobadilika rangi, yaache huko huko sokoni. Usijiambie utayachambua.

Namna ya kupima unyevu bila mashine: chukua chupa ya glasi iliyo kavu kabisa na yenye kifuniko. Kausha chumvi juani au ikaange kidogo kwenye kikaango, iache ipoe. Jaza nafaka theluthi ya chupa, tia kijiko cha chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za glasi, nafaka ni mbichi, irudishe juani. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Hapo bado usifurahi sana. Mahindi ya kukaa miezi yanatakiwa yawe makavu zaidi ya hapo, karibu asilimia 13, kwa hiyo mimi huongeza jua kali la siku moja au mbili, juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Yaache yapoe kivulini kabla ya kufunga. Ukifungia nafaka ya moto, jasho linajikusanya ndani.

Halafu wadudu. Fukusi huja na nafaka kutoka sokoni, mayai yako ndani ya punje na huyaoni. Ndiyo maana gunia linaonekana safi leo, na mwezi ujao ukilishika linatoa unga. Dawa yake ni kuwanyima hewa. Mifuko ya PICS inafanya kazi hiyo: ina tabaka mbili za nailoni ndani na mfuko wa kawaida nje, unafunga kila tabaka peke yake kwa kusokota na kukunja, wadudu wanamaliza oksijeni iliyomo na kufa. Ni mizuri sana kwa mtu atakayeweka na kusahau. Kwa nyumba inayopika kila siku ina tatizo, kwa sababu kila ukifungua unaingiza hewa upya na wadudu waliobaki wanaendelea.

Kwa hiyo kwa nyumba ninapendelea madumu. Tafuta madumu madogo ya plastiki, lita 5 au 10, yenye vifuniko vinavyobana. Ya mafuta ya kula yanafaa ukiyaosha kwa sabuni na maji ya moto na kuyakausha mpaka harufu iishe. Yaliyowahi kubeba mafuta ya taa, dawa za shamba au kemikali, usiguse hata yakioshwa mara kumi. Jaza nafaka mpaka mdomoni kabisa, gonga dumu chini ili zishuke, ongeza, kisha funga. Weka kipande cha nailoni chini ya kifuniko kama hakibani vizuri. Andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Unafungua dumu moja, unalimaliza, ndipo unafungua lingine. Mengine yanabaki yamefungwa na wadudu wake wanakufa humo humo. Dumu kubwa moja la lita 50 litakuangusha, kwa sababu utalifungua kila siku.

Madumu yasikae moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji wala yasigusane na ukuta. Weka mbao au matofali chini. Panya atatoboa plastiki akinusa chakula, kwa hiyo futa nje ya dumu na ondoa punje zilizomwagika.

Vidonge vya kuulia wadudu vinavyouzwa sokoni, vile vinavyotoa gesi, usivilete ndani ya nyumba ya kulala. Sisemi kwa kutisha. Gesi yake inaua watu, hasa watoto, na chumba cha kupanga hakina mahali pa kuiepuka.

Maharage yana jambo lake. Yakikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu yanakuwa magumu, hayaivi, unachoma mkaa mchana kutwa. Ulichookoa kwenye bei unakichoma jikoni. Usiweke maharage ya zaidi ya miezi miwili au mitatu, na yaloweke usiku kucha kabla ya kupika, kisha umwage maji yale. Unga wa dona usiweke zaidi ya wiki mbili, kwa sababu kiini cha hindi kina mafuta na unga wake unachacha. Hifadhi mahindi, saga kidogo kidogo. Sembe inavumilia zaidi, lakini kwa kilo zile zile za mahindi unapata unga mchache, maana pumba zinabaki mashineni.

Hatua ya 7: Jiuzie mwenyewe

Kitu kikiwa kingi mkono unalegea. Mafuta ya dumu yanamiminwa kwa jicho, ya kipimo yalikuwa yanahesabika. Bila hatua hii dumu litaisha kabla ya wakati na utarudi kwa Mangi mikono mitupu.

Dumu kubwa lifungie. Jikoni toa chupa ndogo ya matumizi ya siku tatu nne. Halafu, na hapa usilegee, kila ukitoa chupa tumbukiza kwenye kibubu hela ile ile uliyokuwa unampa Mangi kwa kiasi hicho. Mafuta ya 500 yakitoka, 500 inaingia. Dumu likiisha, kibubu kina bei ya dumu jipya pamoja na ziada, na ziada hiyo ndiyo mtaji wa kitu cha pili kwenye orodha yako ya hatua ya 2. Wifi alitoka kwenye mafuta akaenda kwenye mkaa, kisha mchele, bila kuongeza hata senti kwenye hela ya matumizi aliyokuwa anaachiwa.

Kibubu kiwe cha kuvunja, kisiwe na tundu la kutolea. Ukiweka kwenye simu, ada za kutoa zitakinyofoa kidogo kidogo, na hela iliyo kwenye simu ni rahisi kuombwa.

Hatua ya 8: Vitu vya kutonunua jumla

Nyanya, mboga za majani, ndizi mbivu: nunua za kula. Samaki, kama huna friji, vivyo hivyo.

Gesi nunua mtungi unaoumudu, wa kilo 6 au 15, lakini upimwe dukani mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, toa kwenye uzito wote, kinachobaki ndiyo gesi uliyolipia.

LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni kinyume cha yote niliyosema. Uniti haiwi rahisi kwa kununua nyingi. Na kama uko kwenye kundi la D1, la matumizi madogo, uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, ukizidisha uniti inaruka mpaka 350. Anayenunua uniti 120 mwezi huu ili mwezi ujao apumzike anajitoza mwenyewe. Wazidishaji wa kudumu huhamishiwa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni 292 kuanzia ya kwanza. Andika uniti kwenye daftari lile lile, na ukifika 70 kabla ya mwezi kuisha, anza kwa kuchomoa pasi na hita ya maji. Ukiona manunuzi ya kwanza ya mwezi yametoa uniti chache, angalia risiti: kodi ya jengo hukatwa humo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kama wewe ni mpangaji, kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mwonyeshe risiti na mkubaliane aikate kwenye kodi ya chumba.